Magunia Kumi ya Ndungu

Siku wafanyakazi walipomchagua Evaline, Hedwiga alikuwa ameshavaa kitenge chake kizuri. Alikivaa tangu alfajiri, akajifunga na kilemba cha rangi ile ile, kwa sababu mtu akiitwa mbele ya watu si vizuri aonekane ana vumbi la katani kichwani.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Same, upande wa mashamba ya mkonge, na kazi yake ilikuwa kufuma magunia. Hedwiga alikuwa na miaka kumi na saba pale. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, akafia huku na kuzikwa huku huku, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Wenzake wengi wakichoka walinyanyua kidole kuonyesha milimani wakasema, nitarudi zangu nyumbani. Yeye hakuwa na mlima wa kuonyesha. Alikuwa na mtambo wa kufumia, wa tatu kutoka dirishani, na sifa moja ambayo hakuna aliyeibisha: gunia la Hedwiga halivuji.

Mwaka ule wa tisini na tatu maduka ya Same yalikuwa yamejaa vitu, baada ya miaka mingi ya kupanga foleni ya sabuni, ila sasa wenye kuvinunua ndio waliokuwa hawaonekani. Meneja Abdulrahmani aliwakusanya uwanjani asubuhi, akapanda juu ya kreti ili wamwone.

"Ndugu zangu, nitasema bila kuzunguka. Bodi ya serikali inayonunua mpunga na mahindi, ambayo siku zote imechukua magunia kwetu, mwaka huu imetangaza zabuni. Wanataka magunia laki tatu. Kuna kampuni ya nje imejitokeza na mifuko ya sandarusi, ile ya plastiki, na bei yao iko chini ya yetu. Wakipewa wao, mimi sitakuwa na kazi ya kuwapa hapa."

Watu wote mia na sitini wakasogea karibu na kreti.

"Nimewaomba wasiamue kwa karatasi tu. Wamekubali kuja ghalani Ndungu. Sisi tutapeleka magunia kumi, wenzetu mifuko kumi. Yatajazwa mpunga na kuangushwa kutoka juu ya lori. Na mfanyakazi mmoja ataruhusiwa kutusemea. Haya, nani?"

Hedwiga akarekebisha kilemba chake.

"Evaline!" Aliyepaza sauti wa kwanza alikuwa Maua, rafiki yake Hedwiga, waliyekula naye chakula cha mchana sahani moja tangu ujana wao. Kisha uwanja mzima ukaitikia. Evaline! Evaline!

Evaline alikuwa binti wa Myamba, amemaliza kidato cha nne, ana miaka minne tu kiwandani. Magunia yake yalikuwa ya kawaida. Lakini akifungua mdomo, hata dereva wa lori alizima injini amsikilize. Alipopita mbele akiona haya, Hedwiga alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, maana alihisi watu wanamtazama. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

Jumapili mchana Evaline akaja nyumbani kwake. Alikuwa ameshuka kutoka Myamba alikokwenda kusali Sabato, na kikapuni alibeba maparachichi na mkungu mdogo wa ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ukae."

Evaline alikaa kwenye kigoda, akaweka kikapu miguuni. "Dada, maneno ninayo, lakini maneno hayabebi mpunga. Yale magunia kumi naomba uyafume wewe. Nimeshamwambia meneja, amekubali."

"Umeshamwambia?"

"Ndiyo, juzi."

Hedwiga akatikisa kichwa polepole. Miaka kumi na saba, na leo kazi ya mikono yake mwenyewe inaombewa ruhusa na mtoto wa juzi, kisha yeye anakuja kuarifiwa.

"Halafu, kama hutojali," Evaline aliendelea, "nisimame pembeni nikuone. Sisi wengine tukifuma, punje zinapita. Wewe unafanyaje?"

"Ni mkono tu, mdogo wangu. Mkono hauna shule."

Haukuwa mkono. Yalikuwa maji. Upepo wa Same ni mkavu, hukausha uzi wa katani ukawa mgumu kama waya, na uzi mgumu haulaliani, huacha vitundu. Hedwiga aligundua hilo peke yake, mwaka wa pili wa kazi. Kila jioni kabla ya kutoka alizifunika nyuzi zake kwa gunia lililoloweshwa, asubuhi akazikuta laini, zikibanana zenyewe. Mwenye kuuliza alimjibu kwamba anazuia vumbi. Hakumfundisha mtu. Alikuwa akingoja siku aitwe mbele, aulizwe kwa heshima, aeleze.

Evaline alipoondoka, Hedwiga alikaa akiyatazama maparachichi. Yalikuwa mazuri, makubwa, ya nyumbani kwao mtu.

Jumatatu aliufunga uzi mkavu mtamboni.

Alijiambia kwamba haharibu kitu. Wenzake wote hufuma hivyo hivyo. Gunia halina jina la mfumaji. Litakapovuja, atakayekuwa amesimama mbele ya watu ni yule waliyemchagua. Alifuma magunia yote kumi kwa siku mbili, na masikio yake yakasikia mlio usio wake, mlio mkavu wa mitambo ya wengine. Alihisi kinyaa, kama aliyevaa nguo ya mtu. Lakini hakusimama.

Safari ya Ndungu walikwenda na lori la kiwanda. Meneja na Evaline walikaa mbele na dereva; Hedwiga na Maua, waliochukuliwa kushona midomo ya magunia, walikaa nyuma. Walipopita Kisiwani Maua alisema, "Yaani leo nikirudi na habari mbaya, sijui nitawaambiaje wanangu." Hedwiga akageuza uso, akatazama milima.

Ghala la Ndungu lilikuwa limezungukwa na wakulima, baiskeli zao zimelazwa kandokando ya mfereji. Bwana Zefania, ofisa wa bodi kutoka Dar es Salaam, alikuwa na faili na miwani. Wakala wa kampuni ya nje, kijana nadhifu aitwaye Amiri, alikuwa ameipanga mifuko yake kumi, myeupe, inameremeta.

Evaline akaruhusiwa kusema. Aliikunja mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Bwana mkubwa, mfuko wa mwenzetu ni rahisi, sikatai. Lakini ninyi mnanunua kwa fedha ya serikali, na fedha hiyo imetoka kwetu. Mkinunua gunia la Same, mkata mkonge amelipwa, dereva amelipwa, mama wa sokoni ameuza unga, na kodi imewarudia. Mkinunua la nje, mmepata gunia tu. Mwaka mtakapotukosa ndipo mwenzetu atakapopandisha bei, na mitambo yetu itakuwa imeshauzwa chuma chakavu. Hatuombi huruma. Tunaomba mtupime, na tukiwa sawa, mwanzie nyumbani."

Wakulima wakaguna kukubali. Kila neno lile Hedwiga alikuwa amelihisi kifuani kwa miaka, hakuwahi kulipatia mdomo. Sasa mtu mwingine amelivaa, na limempendeza.

Mifuko ya sandarusi ikaangushwa kwanza. Ilidunda, ikanyamaza. Kisha makuli wakapandisha gunia la Same, wakalisukuma. Lilitua kwa kishindo na mpunga ukachirizika pande zote, kama jasho. La pili hivyo hivyo. La tatu makuli wakaanza kucheka.

Evaline alipiga magoti, akawa anazoa punje kwa viganja. Hii ndiyo picha Hedwiga aliyoingoja siku nne. Aliitazama, na haikuwa na utamu wowote.

"Dada mwenye maneno," alisema Zefania bila ukali, "haya ndiyo mnayotaka tuanzie nyumbani?"

Evaline akasimama. Hakumtazama Hedwiga hata kwa pembe ya jicho. "Kosa ni langu, mzee. Fundi wetu ni hodari, ila mimi nilimharakisha. Nilaumuni mimi."

Hapo ndipo damu ilipompanda Hedwiga. Sifa alishachukua, nafasi alishachukua, maneno alishachukua. Sasa anachukua hata kosa! Miguu ikamtoa alipokuwa kabla hajaamua.

"Mwongo! Kosa ni langu mimi. Nimeyafuma mimi, kwa uzi mkavu, na nilijua."

Meneja akamshika mkono. "Hedwiga, nyamaza."

"Sinyamazi. Mzee, uzi wa katani unafunikwa kwa gunia lenye maji usiku kucha, ndipo unabana. Mimi nimefanya hivyo miaka kumi na tano. Haya kumi sikufanya."

Zefania alivua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu walimchagua yeye."

Makuli walioanza kucheka waliacha. Maua akaufunika mdomo kwa kanga. Hedwiga hakungoja aambiwe. Aliingia ghalani, kwenye rundo la magunia ya msimu wa nyuma, yaliyokwisha kubeba mpunga na kurudishwa. Aliyapapasa pindo moja baada ya jingine. Pindo lake alilikunja mara mbili, wengine mara moja, kwa hiyo hata gizani angeyajua. Akatoka na matatu, vumbi limemjaa kilembani.

"Haya yamefanya kazi msimu mzima. Yajazeni."

Wakayajaza, Maua akayashona midomo, wakayaangusha. La kwanza halikutoa punje. La pili punje mbili tatu. La tatu makuli waliliangusha mara mbili kwa ubishi wao, na mkulima mmoja akainama kuokota kitu, akakuta ni kokoto.

"Fundi ni mmoja," alisema Zefania, "na mimi nanunua laki tatu."

"Kama siri ni maji," Evaline alijibu haraka, "sote tutajifunza kwa wiki moja. Si ndiyo, dada?"

Watu wote wakamgeukia Hedwiga. Siku aliyoingoja ya kuitwa mbele na kuulizwa ilikuwa imefika, na imefikaje!

"Wiki moja inatosha," alisema.

Barua ya bodi ilikuja baada ya majuma matatu. Robo ya magunia itafumwa Same, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Robo tatu zitatoka nje. Kwa robo hiyo kiwanda kingeweza kubaki na watu sitini, na utaratibu ulikuwa wa siku zote: aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Hedwiga alibaki, na barua ya onyo kwenye faili lake. Evaline alitoka. Maua naye alitoka, maana aliwahi kuacha kazi akarudi, na miaka yake ikahesabiwa upya.

Maua hakusema naye tena. Wengine walisema, lakini nyuma ya mgongo wake na kwa sauti ya kusikika: angefuma vizuri siku ile tungepewa magunia yote. Hedwiga aliwafundisha waliobaki kulowesha nyuzi, na walipoelewa kwa siku tatu tu, roho ilimuuma tena, kwa namna nyingine.

Evaline alipokuja kuaga alimkuta anafagia mlangoni.

"Dada, meneja ameniambia. Ile robo ilikuwa imeshaamuliwa Dar kabla hawajaja. Usijilaumu."

"Amesema hivyo kweli?"

"Ndivyo alivyosema."

Hedwiga alimtazama usoni akitafuta uongo, maana alishamwona akidanganya kwa huruma mara moja. Hakupata kitu. Alitaka kusema nisamehe. Kilichotoka ni, "Mabasi ya Myamba huwahi kujaa."

"Siendi Myamba. Nina mjomba Ndungu, nitalima mpunga."

Msimu uliofuata Evaline akarudi kiwandani, amekaa mbele kwenye lori la mpunga. Alikuwa amekolea jua na kunenepa kidogo. Wakulima wa Ndungu walikuwa wameunda chama chao.

"Wamenichagua katibu," alisema.

"Hata huko?" Hedwiga aliropoka, na Evaline akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa amewashawishi wakulima waache sandarusi kwa mpunga wao wa mbegu, wachukue magunia ya Same. Aliomba magunia elfu tano, na mengine yangefuata. Meneja akapiga mahesabu ya kazi, akatuma watu wa kuwaita mafundi wanane warudi.

Siku waliporudi, Maua, mmoja wa wale wanane, alimkumbatia Evaline aliyekuja kuwalaki uwanjani, akamnyanyua juu, na wote wakapiga vigelegele. Hedwiga alisimama mlangoni. Donge lile lile likapanda, halikuwa limepungua hata kidogo. Alikuwa amedhani aibu ya Ndungu ingeliua, lakini wivu si homa ya kutoka kwa jasho.

Maua alipita mbele yake kwenda ndani, kisha akasimama. Mwaka mzima hakumtamkia neno.

"Mtambo wangu umepewa nani?"

"Hajapewa mtu," alisema Hedwiga. "Nimeupaka mafuta kila Jumamosi."

Maua hakushukuru, wala hakutabasamu. Aliingia, akavua kanga, akaitundika msumarini. Mchana alipofungua chakula chake alikaa peke yake dirishani, na Hedwiga akabeba sahani yake, akaenda kukaa upande ule, si karibu sana.