Swali la Kila Dakika

Lempi Kangas hakuwa na subira, na ofisi nzima ya kumbukumbu ilimjua hivyo. Hata skripti yake ya kunakili diski, yaani orodha ya amri alizoiandikia kompyuta, ilikuwa imerithi tabia yake. Kila dakika ilituma ishara kwa programu inayonakili, kuiuliza, "Umefika wapi?" Programu ilijibu, kisha ikaendelea na kazi yake.

Jumanne moja skripti ilikuwa imehamia nyumba mpya. Kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Linux ilikuwa imestaafu, ikaja yenye mfumo wa FreeBSD. Lempi alikuwa amebadilisha majina ya diski, maana kila mfumo huziita kwa namna yake, akasoma mstari kwa mstari, akaridhika. Mifumo hii ni ndugu, alijiambia. Undugu! Kama vile ndugu hawawezi kuuana.

Saa tatu asubuhi akaingia Verna Maki, bibi wa miaka sabini na tisa, na diski yake ndani ya soksi ya sufu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitoboa barafu ya Ziwa Superior, akashusha kinasa sauti chini yake na kuinasa ikiimba, maana barafu ya ziwa ikijikaza na kupasuka hutoa sauti. Nakala nyingine hakuwa nayo. Na ghuba yao ilikuwa na miaka ishirini na sita haijaganda.

"Mwanangu, hii ikifa, barafu yangu imekwenda nayo."

"Usitie shaka, bibi. Kaa, unywe kahawa."

"Kahawa ya ofisi hii? Heri nikanywe maji ya ziwani."

Diski ilipowashwa ilikwaruza, ikakohoa, ikaanza kusomeka. Lempi akashusha pumzi. Dakika moja ikatimia, na kunakili kukakatika ghafla. Kwa hofu akaizima diski.

"Imekufa?" Verna aliuliza.

Lempi aliinamia skrini. Diski mgonjwa namna ile ikishazimwa huenda isizunguke tena, na aliyeizima ni yeye. Lakini alipotazama kumbukumbu za mashine hakuona lalamiko hata moja la diski. Kazi ilikatika sekunde ya sitini kamili. Akafungua mwongozo, akasoma, akapigwa na butwaa.

"Bibi, diski haikuwa na kosa. Ni swali langu. Kule kwenye mfumo wa zamani ishara ile maana yake ni 'umefika wapi'. Huku kwenye mpya programu haiijui, na ikipokea ishara isiyoijua, inakufa papo hapo."

"Yaani umemjulia mtu hali, akaanguka akafa?"

"Ndivyo."

Verna akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi ni marehemu mume wangu kabisa! Ukimuuliza kazi imefika wapi, anaweka nyundo chini, siku imeisha."

Huku kuna ishara nyingine ya kuulizia, na Lempi angeweza kuiweka. Hakuiweka. Aliufuta mstari wote wa kuuliza, akaiagiza skripti ianzie pale ilipokatikia na palipoharibika iache pengo isonge mbele. Akapiga moyo konde, akawasha.

Diski ikajaribu, ikashindwa. Ikajaribu tena, ikashindwa. Mara ya tatu ikazunguka.

Walikaa kwa saa sita bila kujua imefika wapi. Verna alifuma. Lempi aliikalia mikono yake, ikimwasha kwa hamu ya kuuliza. Saa tisa alasiri kazi ikaisha. Alipojaribu kuiwasha diski tena, haikutikisika.

Akafungua faili la kwanza la nakala, akaongeza sauti.

Kwanza kukaja mngurumo wa mbali. Kisha ikaja sauti ndefu ikishuka kutoka juu, ikapita chini ya meza, chini ya sakafu, kana kwamba ofisi nzima imekaa juu ya kitu kilicho hai. Ikajibiwa na nyingine kutoka ng'ambo. Katikati kulikuwa na pengo la kimya pale diski iliposhindwa kusomeka, kisha barafu ikaendelea. Nywele zilimsimama Lempi. Alizaliwa maili mbili kutoka ghuba ile, na hakuwahi kuusikia wimbo huo hata siku moja.

"Bibi," alinong'ona, "hivi ndivyo mlivyokuwa mkilala?"

"Kila Januari," alisema Verna. "Nasi tulikuwa tukilalamika inatunyima usingizi."