Kauli za Nyumba Kubwa

Mtu akipigiwa makofi hufurahi. Nyaruach, siku ile ya mwaka 2013 katika ukumbi wa kanisa Lodwar, alipigiwa makofi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mchezo ulikuwa wake, alioutunga mwenyewe kwa kikundi cha vijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ulihusu milki ya kubuni yenye mabwana wanaogombea kiti cha enzi, na kila nyumba ya kibwana ilikuwa na kauli yake ya kujitambulisha. Nyumba ya Mamba: "Tunangoja majini." Nyumba ya Korongo: "Hatuinami kunywa." Bwana Barasa, mfanyakazi wa serikali kutoka Bungoma aliyewafundisha kuigiza, aliwataka wazipaze hadi mabati yatetemeke. Basi Biar, kijana wa Kidinka mrefu kama nguzo ya stima, akajitokeza na taji lake la boksi, bwana wa Nyumba ya Kivuko, akanguruma: "Tulivuka mwisho, tukaufunga mto!"

Ukumbi ukalipuka. Kwenye benchi la mbele kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakupiga kofi. Huyo alikuwa Nyakim, shangazi yake Tut, aliyekuja Lodwar kutibiwa macho. Jicho moja lilifungwa bandeji, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Tut ndiye aliyekuwa amwoe Nyaruach. Na kwa Wanuer, kabila lao wote wawili kutoka Sudan Kusini, ndoa haiendi bila maneno. Kila ukoo una mwito wake, maneno ya mkuki wa mababu, na siku ya harusi mzee wa kila upande husimama akayaita mbele ya watu, ijulikane nani anamwoa nani. Si mapambo hayo. Damu moja ikioana, wazee huamini, watoto hawakai duniani. Sasa Nyaruach angeyatoa wapi? Aliingia Kakuma hajang'oa hata jino la utotoni, mama yake amebaki njiani milele, akalelewa na Mama Adeng, Mdinka muuza chai, aliyempa kila kitu isipokuwa ukoo. Wazee wa Tut walipokuja kuposa wakauliza maneno ya nyumba yake, hofu ya kumkosa Tut ilimpanda, na maneno ya mchezo wake yakamponyoka: "Tulivuka mwisho, tukaufunga mto." Wazee wakatazamana. Koo ndogo ni nyingi, hakuna azijuaye zote, wakaitikia kwa kichwa. Naye badala ya kuyaondoa maneno yale kwenye mchezo haraka, akayaacha, kwa sababu aliyapenda mno. Majivuno ya watunzi hayo.

Aliporudi Kakuma chakula hakikumpita kooni. Simu ikilia, anashtuka. Tut akipiga, hapokei. Mtu akibisha mlangoni anajua ni wao, kumbe ni mteja anataka chai. Mama Adeng akachoka kumtazama.

"Wewe nakula kama mgonjwa. Sema."

Akasema yote. Mama Adeng akaketi juu ya jerikeni, mikono mapajani.

"Hii makosa yangu pia," akasema. "Mimi ilikuwa niulize watu ya mama yako. Sikuuliza. Vita ilikuwa, kila mtu nakimbia. Enda sema ukweli. Mimi iko na wewe."

Hawakungoja sana kuitwa. Jumapili baada ya ibada walikaa chini ya turubai nyumbani kwa mzee Gatwech, mkubwa wa ukoo wa Tut. Nyakim ndiye aliyeanza, na hakuzunguka.

"Mimi nasikia maneno ya baba yako kwa mdomo ya kijana ya Dinka, boksi iko kwa kichwa. Watu nacheka. Hiyo ni nini?"

"Ni yangu, shangazi," Nyaruach alisema. "Niliyatunga mimi. Ukoo wangu siujui."

Alitarajia matusi. Tut aliinamisha kichwa. Mzee Gatwech alichora mchanga kwa fimbo, kisha akauliza kwa upole uliomtisha kuliko ukali.

"Mtoto hawezi kosa watu. Iko mnyama mama yako alikuwa naheshimu? Hakuna kula, hakuna kuua? Kila ukoo iko na yake."

Kumbukumbu ilimjia papo hapo. Njiani, watu wana njaa, wanaume wamembana kenge kwenye mizizi ya mti. Mama yake, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni, akajitupa katikati akilia kwamba huyo ni wa nyumbani. Wakamtukana. Nyaruach hakuwahi kumwambia mtu, aliona aibu kwamba mama alimnyima mwanawe nyama.

Tena alijua jambo jingine. Siku moja Tut alisimamisha pikipiki kwenye mto mkavu, kenge avuke, akasema watu wa nyumba yao hawamgusi. Nyaruach alicheka, kisha akajilazimisha kutofikiri tena. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa ikimla siku zote. Shangazi na bandeji yake walikuja baadaye.

Angeweza kusema mbuni. Angeweza kusema hakumbuki. Hakuna aliyebaki hai wa kumkanusha, na Tut alikuwa ameinua kichwa, anamtabasamia kumpa moyo.

"Sema tu," Tut akasema.

Akafikiria watoto ambao hawajazaliwa.

"Kenge."

Tabasamu la Tut likazimika. Nyakim akaziba mdomo.

"Ya mama, ama ya baba yako?" mzee aliuliza.

"Mama alisema baba angemlaumu hadi kufa akiacha wamuue."

Mzee Gatwech akainuka polepole, akamwekea mkono kichwani, akamnong'oneza sikioni maneno ya mkuki wa nyumba yao. Yalikuwa machache, ya Kinuer, hayana madoido yoyote, na Nyaruach alilia kama mtoto kwa kuyapata. Nyakim akamkumbatia akimwita "mtoto ya ndugu yangu." Mama Adeng alisimama kando, hajui acheke au alie.

Tut alingoja hadi wote wamemaliza. Ndipo akaja, akampa mkono.

"Dada," akasema.

Nyaruach akaitika.