Springi ya Barnaby

Nilipoingia dukani kwa Silas Crake, pale mtaani Clerkenwell, nilipokewa na kofi lake. Mdomo ukapasuka. Sikutoka ng'o. Saa ya mezani aliyoiunda marehemu mume wangu Barnaby ilikuwa pale, ikiuzwa kwa kasisi Lovibond, na kwenye bamba la nyuma Crake alikuwa amefuta jina la Barnaby akachonga lake. Barnaby alipomfuata kuidai, wiki tatu zilizopita, Crake alimpiga mateke mpaka mbavu zikavunjika. Alikufa siku ya nne. Eti hakuna aliyeona. Mtaa mzima vipofu!

"Samahani, Mchungaji," Crake akasema. "Huyu mama kachanganyikiwa tangu afiwe. Saa hii nimeitengeneza kwa mikono yangu."

"Mikono yako inajua kupiga tu," nikamwambia, nikatema damu sakafuni. "Barnaby alikwaruza jina lake juu ya springi, huko ndani. Ifungue tuone."

Kasisi akatutazama wote wawili. "Si uifungue tu, Bwana Crake, yaishe?"

Hakuwa na pa kutokea. Akaitoa mashine kwenye kasha, akachukua koleo.

Niliona ule mnyororo mwembamba unaovutwa na springi umekaza: asubuhi ile alikuwa ameijaza ufunguo hadi mwisho, ili igonge vizuri mbele ya mteja. Fundi yeyote huilegeza springi kwanza, pole pole, ndipo aguse pini zinazoshika bamba. Mchuuzi yule akaanza kung'oa pini. Ya kwanza. Ya pili. Nilijua kitakachotokea, na neno moja lingetosha kumzuia. Nikaufunga mdomo wangu uliopasuka.

Ilipotoka ya nne, akalivuta bamba. Springi ikafyatuka, magurudumu yakaruka, mnyororo ukamchapa vidole ukavichana hadi mfupani. Kimoja kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Akaanguka chini akipiga mayowe.

"Aliyeitengeneza angeilegeza kwanza," nikamwambia kasisi.

Nikalifungua pipa la springi, kile kikopo inamojikunja, hapohapo, damu ya Crake ikiniteleza mikononi. Jina lilikuwepo: Barnaby Tull. Kasisi akalisoma kwa sauti, kisha akaenda mwenyewe kumwita askari.

Mnyororo ule niliuunga mimi, kiungo kwa kiungo, majira mawili ya baridi. Nilirudi nao nyumbani nikauosha damu huku nalia, maana Barnaby harudi. Lakini nikirudishwa dukani pale leo, nitanyamaza tena.