Jina Lililokunjwa Chini ya Karatasi

Nitegulieni hiki: kimezaliwa jikoni, kikatembea kwa miguu ya mwingine mpaka sebuleni, kikasifiwa na wanaume huku aliyekizaa akiwamiminia chai. Mmeshindwa? Ni shairi langu.

Hapa kwetu Kashan kila mshairi ana jina la kalamu, na hulipachika kwenye ubeti wa mwisho ili shairi lisiibwe. Rahmat mwoka mikate anajiita Mlevi, ingawa hata siki inamshinda. Wanaume hujipa majina hayo kwa mapambo. Mimi nilijipa langu kwa kujificha, maana marehemu baba alisema jina la binti yake halitatajwa mbele ya wanaume kama bei ya mbuzi. Basi nikawa Ghubari, yaani vumbi. Kaka yangu Nadir ndiye aliyenipelekea mashairi kwenye baraza la washairi. Akiulizwa huyo Ghubari ni nani, anasema ni mtu mwenye haya sana.

Nadir alifariki msimu wa kuchuma waridi. Haukupita muda, baraza likaamua kuchapa kitabu. Alhamisi moja alasiri walikutana kwetu. Niko nyuma ya pazia na samawari yangu, nikamsikia mkuu wa baraza, Agha Mirshafii, akisema mashairi ya Ghubari yanapita yote, lakini shairi lisilo na mwenyewe haliingii kitabuni. Anayemjua aseme leo.

Kisha mume wangu akakohoa.

"Ghubari ni mimi."

Chai ya moto ilinimwagikia mguuni, wala sikuihisi. Isfandiyar! Mtu ambaye mashairi yake yanachechemea kama punda mwenye mwiba! Huko sebuleni walikuwa wanampongeza, na yeye anaitikia.

Agha Mirshafii hakuamini sana. Alimpa nusu mstari wa kuanzia, akamwambia alete shairi zima Alhamisi ijayo.

Wageni walipoondoka, Isfandiyar alikuja jikoni akaketi juu ya gunia la mchele.

"Mama Farzane, nisaidie."

"Nikusaidie nini? Si wewe ndiye Ghubari?"

Akaniambia amejua tangu Farzane ananyonya. Kumbe nikichambua mchele huwa nanong'ona, na yale niliyonong'ona jikoni aliyasikia tena barazani. Farzane leo ana watoto wake. Miaka yote hiyo najificha, na ninayemficha ananitazama.

"Mbona hukusema ni mimi?"

"Wangenicheka. Na ningenyamaza, wangeyatupa."

"Na zile sifa, zilikuwa chungu?"

"Zilikuwa tamu kidogo," akasema.

Nikaandika. Wiki nzima nilikuwa nikipima. Nikiweka Ghubari, mashairi yangu yote yatakuwa yake kitabuni mpaka kiama. Nikiweka jingine, namwaibisha baba wa watoto wangu mbele ya watu.

Sasa, baraza letu lina desturi: ubeti wa mwisho hukunjwa chini ya karatasi, na msomaji huukunjua mbele ya wote. Anayechungulia mapema huambiwa amedokoa chakula cha wageni. Nilimpa langu limekunjwa, na Isfandiyar kwa desturi hana mchezo. Alijifunza zile beti za juu mpaka bafuni, mkunjo hakuugusa.

Alhamisi ilipofika alisoma vizuri kuliko siku zote. Kila ubeti watu waliguna kwa raha. Alipofika kwenye mkunjo, wote wakamtangulia kama ilivyo ada: "Ghubari!"

Akakunjua. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Alitazama karatasi, akatazama pazia. Nilijua anaweza kuitikia tu jina walilokwisha kulisema, akakaa chini, na hakuna ambaye angejua.

"Sivyo," akasema. Kisha akasoma:

"Mahrukh ndiye aliyeandika, akafagia na njia;
vumbi sasa limetua, uso umejitokeza."

Hakuna aliyeguna.

"Mahrukh ni nani?" akauliza Agha Mirshafii.

"Mke wangu," akasema Isfandiyar. "Chai mnayokunywa na mashairi mnayoyasifu vinatoka mlango mmoja. Nilisema uongo."

Rahmat ndiye aliyepata ulimi kwanza. Alisema afadhali, maana wiki nzima alikuwa haelewi vipi punda amegeuka farasi.

Agha Mirshafii akaligeukia pazia. Kisha akauliza kwa heshima, "Bibi, kitabuni tuandike jina gani?"

Sauti yangu haikuwahi kusikika sebuleni humo mbele ya wanaume wa nje. Ilinishtua hata mimi.

"Andikeni Mahrukh. Ghubari mpeni Isfandiyar, ameshalizoea."

Analitumia mpaka leo. Mashairi yake bado yanachechemea.