Laini ya Namanyere

Dominika alikuwa fundi wa mtandao Sumbawanga, pale mkongo wa intaneti uliopita ardhini ulipoishia. Kutoka hapo data ilikwenda Namanyere kwa mawimbi ya redio, mnara hadi mnara, na fundi wa kule aliitwa Evaristi. Walikuwa wameonana mara moja tu, Evaristi alipokuja kuchukua antena. Walikula pamoja ugali wa ulezi, kisha akawahi basi la mchana.

Kila mvua ilipoanza upande wa Namanyere, Evaristi alipiga simu.

"Dada Dominika, imeanza tena. Wateja wanalalamika, hata picha moja haifunguki."

Basi wangekaa kwenye simu, huyu akipima huku, yule kule, mpaka mvua ikatike. Katikati ya vipimo waliongea mengine: mama yake Dominika na palizi yake kule kijijini Mollo, na Evaristi ambaye bado hakuwa amezoea kuishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga.

Dominika ndiye aliyegundua tatizo. Mvua ilipoteza vipande vichache tu vya data hewani, lakini seva za Dar es Salaam zilidhani njiani kuna foleni, zikapunguza mwendo. Akafunga kompyuta ndogo pale mkongo unapokutana na redio, iwe inatunza nakala ya kila kipande. Kipande kikipotea, ikitume tena yenyewe, Dar wasijue lolote.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa. Hakuna mteja aliyelalamika. Simu ya Dominika nayo haikulia. Bosi alimpongeza mbele ya wote. Akashukuru, akarudi mezani kutazama kwenye skrini mchoro wa mwendo wa laini ya Namanyere, umenyooka, na akajikuta anatamani utetereke.

Wiki zikapita. Jumatatu moja, wingu limefunga, akapiga mwenyewe.

"Kuna tatizo?" Evaristi aliuliza haraka.

"Hakuna. Huko je?"

"Huku safi." Akashusha sauti. "Mvua ikinyesha huwa nakaa karibu na mitambo. Nasubiri ikorofishe, nipate kukupigia. Haikorofishi kabisa."

Dominika alicheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Si ungepiga tu?"

"Ningesema nini?"

"Jumamosi nakuja," Dominika akasema.

"Kukagua mitambo?"

"Kukuona wewe, Evaristi."

Dominika alimsikia akivuta pumzi, na mvua ikigonga bati kule.

"Nitakusubiri stendi," Evaristi alisema.

Simu ilipokatika, Dominika alibaki ameishika sikioni. Jumamosi aliiona iko mbali kuliko Dar es Salaam.