Gunia la Tatu la Mwalimu Rodah

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Rodah Chepkorir alifundisha baiolojia, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akiegemea ukuta, akiketi juu ya meza, au akivumilia mchoro wa seli uliochorwa kwa wino. Mchoro ni penseli. Mistari ya kuonyesha majina ni rula, wala haipiti mmoja juu ya mwenzake. Alipostaafu na kurudi kwenye ekari yake moja na nusu ya chai, upande wa Kabianga, aliihamisha nidhamu hiyo shambani nzima nzima. Alichuma majani mawili na chipukizi lake. Jani la tatu hakuligusa. Vibarua waliokuja kumsaidia waliondoka wakiapa kwamba afadhali kazi ya kuponda kokoto.

Kwa hiyo gunia lake lilipokataliwa kituoni siku ya Jumatatu, na la pili likarudishwa Jumatano, watu walipata la kuzungumza hadi kanisani.

Aliyeyarudisha ni karani wa kituo cha kununulia majani, Clifford Ojwang, mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye baba yake alitoka pande za ziwani kuja kufanya kazi katika shamba kubwa la chai, asirudi tena. Clifford naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Rodah. Alimaliza kidato cha nne na alama ya D katika baiolojia.

"Majani yamekuwa mekundu katikati ya gunia, Mwalimu," alimwambia ile Jumatano, kwa adabu zote. "Tena yana joto."

"Mekundu? Nimeyachuma asubuhi hii kwa mikono yangu miwili!"

"Mikono yako sina shida nayo, Mwalimu."

Kanuni ya kituo hicho ilikuwa imebandikwa mlangoni: mkulima akirudishiwa majani mara tatu kwa mwezi mmoja, namba yake hufungwa kwa miezi mitatu. Na huu ndio uliokuwa mwezi ambao chai, baada ya mvua ndefu, ilichipuka kana kwamba inafukuzwa. Miezi mitatu bila kuuza ingevifanya vichaka vya Rodah kuwa miti, na heshima yake kuwa hadithi ya kuchekesha watoto.

Alilala akiwaza, na kabla ya usingizi kumchukua alikuwa amefikia uamuzi: Clifford alikuwa analipiza kisasi cha ile D.

Ijumaa aliamka akachuma tangu umande ulipokauka. Alichuma kwa ustadi ambao hata adui angeusifu. Kisha, kwa kuwa hakupenda kwenda mara mbili penye kazi ya kwenda mara moja, aliyatia majani yote ndani ya gunia moja la nailoni, akapiga magoti juu yake, akayashindilia kama alivyokuwa akifunga masanduku ya wasichana wa bweni siku ya kufunga shule. Gunia lilipokuwa gumu kama nguzo, alilifunga kwa kamba ya katani, akalipakia kwenye wilbaro, akashika njia.

Kituoni kulikuwa na wakulima kumi na wawili hivi. Jirani yake Weldon alikuwa ameketi juu ya gunia lake mwenyewe, amekunja nne, anakula muwa. Karibu naye alisimama Tecla, aliyeolewa na kaka yake Rodah, mwanamke asiyeweza kuliacha neno likapita bila kulishika mkia.

"Mwalimu amefika!" Weldon aliita. "Na leo amebeba jiwe la msingi."

"Niache, Weldon. Ondoa maganda yako njiani." Rodah alilisimamisha gunia mbele ya meza ya ukaguzi, akanyoosha mgongo. "Clifford. Kama ni ile D, sema mbele ya watu kwamba ni ile D."

Clifford alicheka hadi akashika mizani. "Ile D? Mwalimu, ile D ulinihurumia. Mimi nilistahili E."

Watu waliangua kicheko. Rodah hakucheka, ingawa moyoni alikubali kwamba hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Clifford aliunyoosha mkono wake kuelekea kwenye fundo la kamba, kisha akaurudisha. "Mwalimu, nikishafungua gunia lazima niandike nilichokuta. Hili bado sijalifungua. Mkulima akiliondoa kabla sijalifungua, hakuna kinachoandikwa." Alisita. "Naomba nikuulize swali moja kwanza. La baiolojia."

"Yesu wangu!" Tecla alisema. "Karani anamtahini mwalimu. Weldon, acha kutafuna, hatusikii."

"Uliza," Rodah alisema.

"Kwenye seli ya jani la chai, vakuoli inafanya kazi gani?"

Rodah aliikunja mikono yake kifuani. Swali lilikuwa rahisi kiasi cha kuwa tusi.

"Vakuoli ni kifuko kikubwa kilicho katikati ya seli. Kimejaa maji na vitu vilivyoyeyuka, nacho huifanya seli isimame imara. Katika jani la chai, humo ndimo vinamohifadhiwa vile vitu vichungu vinavyoupa ulimi ukakasi. Kimezungukwa na utando mwembamba mno."

"Na kile kimeng'enya kinachovifanya vitu hivyo viwe vyekundu, kinakaa wapi?"

"Nje ya vakuoli. Zaidi kwenye kloroplasti, zile zenye rangi ya kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Jani likiwa zima, hivyo viwili havikutani. Ni kama wewe na kazi za nyumbani nilizokuwa nikikupa."

"Sawa kabisa!" Weldon alipiga paja.

"Na vikikutana?" Clifford aliuliza taratibu.

"Vikikutana penye hewa, jani hugeuka rangi ya shaba. Ndiyo kazi ya mashine za kiwandani: kuzipasua tando hizo kwa wakati wake, ili chai nyeusi ipatikane. Zikipasuka kabla ya hapo, majani yameharibika. Nazo hupasuka kwa kukanyagwa, kwa kushindiliwa, kwa..."

Sauti yake ilikatika. Aliinamisha macho. Kwenye sketi yake ya kijivu, pale magotini, kulikuwa na madoa mawili ya kijani, mapana kama visosi.

Angeweza kuishia hapo. Lakini Rodah hakuwahi kuacha jibu nusu mbele ya darasa, wala hakuona sababu ya kuanza uzeeni.

"Tena kuna joto," aliendelea, na sasa alikuwa akijifundisha mwenyewe. "Jani lililochumwa halijui kwamba limechumwa. Mitokondria zake zinaendelea kuvunja sukari ili zipate nishati, na kazi hiyo hutoa joto. Majani yakiwa na nafasi, joto hutoka. Yakibanwa ndani ya nailoni, hubaki humo yakijipika." Alivuta pumzi. "Nimewafundisha watu elfu mbili jambo hili. Gunia langu sikulifundisha. Clifford, naliondoa."

"Limeondolewa," Clifford alisema, na kalamu hakuigusa.

Rodah angeweza kulisukuma gunia lake nyumbani na kulifungulia zizini, mbali na macho ya watu. Badala yake alilifungua papo hapo, akatumbukiza mkono, akatoa konzi ya majani kutoka katikati. Yalikuwa mekundu kingoni, na moto kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

"Shikeni," aliwaambia wakulima. "Shika wewe pia, Tecla. Usiguse kwa kucha."

"Kweli yana homa," Tecla alisema. "Na hayo ya Weldon?"

Kila mtu alimgeukia Weldon. Weldon alisimama polepole sana, akilitazama gunia lake kama mtu aliyegundua kwamba ameketi juu ya mayai.

"Mimi si mzito," alijitetea.

"Vakuoli ndizo zitakazosema," Rodah alimjibu, na safari hii naye alicheka.

Vicheko vilipotulia, alimsogelea Clifford. "Ulilielewa lini somo hilo? Kwangu hukulielewa."

"Hapa hapa, Mwalimu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliingiza mkono kwenye gunia la mtu, nikahisi moto. Nikarudi nyumbani nikatafuta daftari ulilotuandikisha. Nilikesha nalo."

Rodah aliitikia kwa kichwa, mara mbili, akalipakia gunia lake kwenye wilbaro.

Jumamosi alikwenda kituoni mara tatu kwa miguu, kila mara na kikapu kilichofumwa wazi, majani yakiwa yamelegea ndani kama nywele zilizofumuliwa. Clifford alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko katika kila kikapu. Yalikuwa baridi, ya kijani hadi chini. Aliyapima, akaandika namba ya Mwalimu, akampa risiti.

Saa kumi lori la kiwanda liliondoka na majani hayo, kila vakuoli ikiwa imefungwa na kila kloroplasti mahali pake, kuelekea kwenye mashine zenye haki ya kuyavunja. Rodah alilitazama hadi lilipopinda kona, kisha akachukua vikapu vyake vitatu vitupu akarudi shambani, kwa maana jua lilikuwa bado juu na chai ilikuwa bado inachipuka.