Maji ya Mwalimu Mwandawiro

Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1997. Mvua kubwa iliyonyesha Voi usiku kucha ilikatika alfajiri, ikaacha manyunyu, baridi isiyo ya kawaida, na mawingu yaliyoufunika mlima Ndara mpaka kiunoni. Tryphena, nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Mkonge, alifika uwanjani kabla ya wote. Aliomba akiwa amesimama kwenye dimbwi, kisha akashika ufagio na kuanza kuyasukuma maji nje ya mstari.

Hakuomba mengi. Aliomba wapatikane watu watano, na washinde. Wakishindwa leo wangeshuka kutoka ligi ya taifa, na timu iliyoshuka haikai. Alishaziona mbili za Pwani zikishuka, na mwaka haukuisha kabla wachezaji hawajatawanyika kila mtu na njia yake.

Mkonge haikuwa hivi zamani. Kampuni ya katani iliyoianzisha iliwapa wasichana kazi, jezi mpya na gari la kusafiria, nao wakacheza mpaka wakashika nafasi ya nne Kenya nzima. Kisha soko la katani likaanguka, kampuni ikajitoa, na aliyeweza kwenda Nairobi akaenda. Waliobaki walijitafutia. Tryphena aliuza mitumba Mwatate, mchezaji mwenzake Jedidah akafundisha chekechea. Kocha wao, Mwalimu Mwandawiro, mzee wa kanisa kutoka Chawia, aliendelea kuwafundisha bure.

Mwenye shabaha aliyebaki alikuwa mmoja tu: Sumayya, binti ya Badawy wa duka la vitambaa. Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwezi wa tano alikosa mazoezi kwa ajili ya harusi ya binamu yake Mombasa, akarudi siku ya mechi na hina mbichi mikononi, na timu ikafungwa. Mwalimu alimtazama mbele ya watu wote akasema, "Mkono huo hautaingiza tena." Tangu siku hiyo haukuingiza.

Wasichana wa milima ya Taita walijua maana yake. Mkubwa akikukasirikia kwa haki, na hasira ikabaki moyoni mwake, mambo yako hayanyooki mpaka aitoe mwenyewe kwa kutasa: anapiga funda la maji, anayapuliza chini, anatamka heri. Tryphena alikuwa ameokoka na hakutaka kuyafikiria mambo hayo. Lakini alikuwa ameihesabu mipira ya Sumayya iliyokosa kikapu tangu siku ile.

Walipatikana watano kamili. Wengine walikwama huko juu, barabara ya Chawia ilikuwa imekatika; Mwalimu alikuwa ameshuka tangu jana yake. Wageni wa Mombasa walikuja kumi, na mashabiki wao hawakukawia kuona tatizo liko wapi. Kila Sumayya aliposhika mpira aliutoa upesi, hakutazama hata kikapu.

"Dada, mpira hauna miba," mmoja alimwambia, na wenzake wakaangua kicheko.

Mkonge wakaenda mapumzikoni wakiwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Tryphena alimvuta Mwalimu kando.

"Mwalimu, mtasie Sumayya."

Mwalimu alishtuka. Alimuuliza kama anataka mzee wa kanisa apulizie watu maji hadharani, na mchungaji akisikia aseme nini. Tryphena alimjibu kwamba hawataki pombe wala mizimu kama kutasa kwa kale. Ni maji tu, na jina la Mungu.

"Na kama huna hasira naye, Mwalimu, utapoteza nini?"

Mzee alitazama jagi la maji ya wachezaji. "Ninayo," akasema.

Alichukua jagi, akapiga funda, akamwendea Sumayya aliyekuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Akayapuliza maji kwenye saruji mbele yake, akaanza kunong'ona kwa Kidawida, lugha ya milimani asiyoijua Sumayya. Lakini upepo wa mvua ulivuma, na matone yakamrukia Sumayya usoni.

Aliinuka taratibu.

"Umenitemea mate? Mimi mbwa, Mwalimu?"

Hakungoja jibu. Alijifunga leso juu ya jezi, akaelekea langoni huku mashabiki wa Mombasa wakimpigia makofi. Refa alitazama saa yake. Tryphena alimkimbilia, akamwambia kwamba ile ni baraka. Sumayya akamuuliza baraka gani hiyo inayotoka kinywani mwa mtu aliyemlaani.

Langoni, chini ya mwavuli, alisimama bibi yake Sumayya, Bi Mwanatumu, aliyekuja kumtazama akicheza. Alimshika mjukuu wake mkono, akamwomba Tryphena aeleze polepole yale maneno ya mzee.

"Anasema hasira yake itoke, Bibi. Mungu ampe Sumayya mkono mwema."

Bi Mwanatumu alimgeukia mjukuu wake. "Ulipokuwa mdogo, una homa, maalimu wako wa chuoni alikusomea Kurani na kukupulizia maji usoni. Siku ile ulilala. Ulisema amekutemea?"

Sumayya hakuvuka lango.

"Ila na yeye," bibi akaongeza, "aje aseme kwa lugha unayoisikia."

Mwalimu alikuwa tayari anakuja, kofia mkononi.

"Niliutamkia mkono wako neno baya," alisema, "nikalibeba moyoni miezi hii yote. Nimelitoa. Mungu aubariki mkono wako, mwanangu."

Sumayya alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Ungesema hivyo tu, Mwalimu. Mvua ya leo haikutosha kunilowesha?"

Refa alipopuliza kipenga, alikuwa ndani ya mistari.

Mpira wake wa kwanza uligonga ubao ukatoka. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukaingia. Mashabiki wa Mombasa wakaacha kucheka. Pointi zile kumi na moja zikaliwa kidogo kidogo, hadi ikabaki moja, na mpira mikononi mwa Jedidah. Akamwona Sumayya yuko peke yake, akarusha. Kiatu kikateleza kwenye saruji yenye maji, mpira ukaenda nje, na kipenga cha mwisho kikalia.

Afisa wa ligi alitangaza bila kupoteza muda: Mkonge imeshuka. Jedidah alikaa chini palepale. Kabla jasho halijakauka, kocha wa Mombasa alikuwa mbele ya Sumayya, akimwambia kwamba kuna nafasi, kuna kazi bandarini, na gari lao lina kiti kitupu. Aliyasema wazi, kila mtu akasikia. Tryphena alitazama chini. Alitafuta maneno ya kuomba, hakuyapata.

Sumayya alimshukuru yule kocha kwa adabu. Kisha akaenda akasimama kando ya bibi yake, akangoja mpaka Mwalimu, wachezaji, wageni na afisa wa ligi wakatulia.

"Wallahi, mbele ya bibi yangu na mbele yenu nyote," alisema, "sitavaa jezi ya timu nyingine mpaka Mkonge irudi ligi ya taifa. Jumatatu jioni nipo mazoezini."